Utambuzi wa Hitilafu za Kimakanika na Kihaidroliki katika Trekta Iliyonunuliwa Karibuni: Mfano wa Massey Ferguson 135

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu za kimakanika na kihaidroliki katika trekta ambayo mwenyewe ameinunua karibuni na bado hajaizoea. Mfano uliotumika ni Massey Ferguson 135, trekta ambayo mfumo wake wa haidroliki una mantiki tofauti na ule wa trekta nyingi za sasa na ambayo, kwa sababu hiyo, hushukiwa kuwa mbovu hata pale isipokuwa mbovu. Msisitizo umewekwa katika mpangilio wa uchunguzi: kuanza na lile lisilogharimu fedha wala kufungua bolti, na kufikia pampu mwishoni.

1.0 Utangulizi

Katika nyanda za kati za Tanzania mvua huja msimu mmoja kwa mwaka, ikianza kati ya Novemba na Desemba. Mkulima, au kikundi kilichochanga fedha za wanachama wake, hununua trekta kabla ya msimu huo kikiwa na hesabu mbili kichwani: ekari za kwake, na ekari za majirani watakaolipa kulimiwa. Trekta ikigoma kunyanyua jembe katika wiki ya kwanza ya mvua, hasara hailingani na bei ya kipuri kilichoharibika, bali na siku za kulima zilizopotea, ambazo hazinunuliki tena mpaka mwaka ufuatao. Shinikizo hilo ndilo linalozaa kosa la kawaida katika gereji za vijijini, yaani kufungua pampu ya haidroliki siku ile ile tatizo lilipojitokeza, kabla ya mtu yeyote kuangalia kiwango cha oili.

Historia ya eneo hilo ina funzo lake. Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza huko Kongwa mwaka 1947 ulitegemea kwa sehemu kubwa mashine zilizokwisha kutumika, zikiwamo zile zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia na zilizonunuliwa kutoka mbali kama Ufilipino. Nyingi ziliharibika upesi katika udongo mgumu wa Kongwa, vipuri vilikuwa haba, na mafundi waliozijua walikuwa wachache. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwa miongoni mwake, na si haki kuitwika mashine lawama yote. Lakini ununuzi wa mashine ambazo hali yake haikupimwa kabla ya kuingizwa shambani ni jambo linalorudiwa hadi leo, kwa kiwango kidogo, na mnunuzi mmoja mmoja.

2.0 Mantiki ya Haidroliki ya Trekta Hii

Massey Ferguson 135 ilitoka kiwandani kati ya mwaka 1964 na 1975, na zile zilizounganishwa Coventry, Uingereza, ndizo zinazoonekana sana katika masoko ya trekta zilizotumika Afrika Mashariki. Mfumo wake wa kunyanyua ni mrithi wa ule uliobuniwa na Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, katika miaka ya 1920. Zana hufungwa kwenye trekta kwa sehemu tatu: mikono miwili ya chini inayonyanyua, na mkono mmoja wa juu. Mkono wa juu si wa kushikilia tu. Jembe linapokutana na udongo mzito, msukumo wake hupita katika mkono huo, hubana springi, nayo springi husogeza vali ya haidroliki ili jembe linyanyuke kidogo. Hivyo sehemu ya uzito wa jembe na udongo huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, nayo hushika ardhi vizuri zaidi.

Mambo manne ya muundo huu hayana budi kueleweka kabla ya kutafuta hitilafu yoyote. Kwanza, pampu imo ndani ya nyumba ya gia, imezama katika oili ile ile inayolainisha gia na difu. Takribani lita 30 za oili hutumika kwa kazi zote hizo, na uchafu wa upande mmoja ni uchafu wa upande mwingine. Pili, pampu huzungushwa na shafti ya kutoa nguvu, ile inayotokeza nyuma ya trekta kwa ajili ya kuendeshea mashine kama ya kupukuchua mahindi. Tatu, vali ya kuongoza imewekwa upande wa kunyonya: ikifungwa, pampu huendelea kuzunguka lakini haisukumi kitu. Nne, silinda ya kunyanyua husukumwa na oili upande mmoja tu. Oili hupandisha, uzito wa zana ndio unaoshusha.

Jambo la nne huwashangaza wengi. Mnunuzi hushusha mikono ya chini, huikamata kwa mkono wake, huiona inapanda bila kipingamizi, kisha hutamka kwamba haidroliki imekufa. Hiyo si hitilafu, kwa kuwa mikono hiyo haikuundwa kukandamiza zana chini. Jembe huzama kwa uzito wake na kwa mkao wa ncha zake, si kwa kusukumwa na trekta.

3.0 Kasoro Zisizo Kasoro

Kwa kuwa pampu hutegemea shafti ya kutoa nguvu, mwendo unaoizungusha shafti hiyo ukikatwa pampu haizunguki. Dereva aliyezoea trekta za kisasa, ambazo pampu yake huzungushwa moja kwa moja na injini, hana sababu ya kulifikiria hilo.  Jaribio la kwanza kwa trekta isiyonyanyua kwa hiyo ni kutazama shafti ya nyuma kwa mbali, baada ya kuhakikisha hakuna mtu wala kitu karibu nayo. Ikiwa haizunguki, huenda pampu pia haizunguki.

Klachi nayo huingia katika mkanganyiko huo. Zile zenye klachi mbili katika pedali moja hufanya kazi kwa hatua: pedali ikikanyagwa nusu, trekta husimama lakini shafti na pampu huendelea, ikikanyagwa hadi mwisho, vyote husimama. Zile zenye klachi moja hukata vyote kwa pamoja. Dereva anayelalamika kwamba jembe halipandi anapofika mwisho wa mtaro, wakati amekanyaga klachi hadi chini, anaeleza kazi ya klachi, si ugonjwa wa haidroliki.

Chanzo cha tatu ni mikono miwili ya kuongozea haidroliki, iliyo kando ya kiti. Mmoja huongoza kimo cha zana, mwingine huongoza kina cha jembe kulingana na mvuto wa udongo. Yote miwili huishia kwenye vali moja. Ule usiotumika ukiachwa mahali pasipostahili, huweza kuuzuia mwenzake kunyanyua. Aidha, upo mkao maalumu unaoiwezesha pampu kusukuma oili mfululizo, uliokusudiwa kwa silinda za nje kama ile ya kuinua tela la kumwagia mzigo. Mkono ukisahauliwa hapo, oili husukumwa dhidi ya vali ya usalama, mlio mkali husikika, na nyumba ya gia hupata joto. Fundi asiyeifahamu trekta hii anaweza kuubadilisha mlio huo kuwa hukumu ya pampu mpya. Kitabu cha maelekezo, hata nakala iliyochakaa, hapa kina thamani kuliko sanduku la spana.

Trekta inayoyumbayumba katika kina cha kulima, jembe likizama na kuibuka kila hatua chache, mara nyingi inaongozwa kwa mkono wa kimo katika kazi inayohitaji mkono wa kina, au mkono wa juu umefungwa kwa urefu usiofaa. Marekebisho huchukua dakika chache na hayahitaji kipuri.

4.0 Trekta Isiyonyanyua

Baada ya hayo kuondolewa, uchunguzi wa kweli huanzia kwenye oili. Trekta huegeshwa mahali tambarare, mikono ikiwa imeshushwa, na kiwango husomwa kwenye kijiti. Rangi na hali ya oili husema mengi kuliko kiwango chake. Oili nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji, jambo la kawaida kwa trekta iliyokaa nje misimu kadhaa ikiwa na mpira uliochanika kwenye mkono wa gia. Oili yenye povu jingi inanyonya hewa, ama kwa sababu imepungua, ama kwa sababu ya ufa upande wa kunyonya. Chembe zinazong'aa ni chuma kinacholika, na hapo swali la haidroliki linakuwa dogo mbele ya swali la gia zenyewe. Katika lugha ya gereji, hewa iliyoingia katika mfumo wa mafuta au wa oili huitwa upepo, na fundi huzungumza juu ya "kutoa upepo". Istilahi hiyo inafaa na haina sababu ya kusahihishwa na vitabu.

Oili ikiwa safi na ya kutosha, trekta bado ikawa hainyanyui, lazima kutofautisha hali mbili ambazo wenye trekta huziunganisha katika sentensi moja. Kuna trekta isiyonyanyua kitu chochote, na kuna trekta inayonyanyua mikono mitupu lakini ikashindwa na jembe. Ya kwanza huelekeza kwenye pampu isiyozunguka, chujio la kunyonyea lililoziba, au vali ya kuongoza iliyokwama kwa uchafu na kutu, hasa katika trekta iliyosimama muda mrefu kabla ya kuuzwa. Vali iliyokwama wakati mwingine hulegea yenyewe baada ya oili ya zamani kumwagwa, nyumba kusafishwa na oili mpya kutembea kwa saa kadhaa, ndiyo maana kubadilisha oili ni tiba inayostahili kutangulia kufungua chochote. Ya pili huelekeza kwenye upungufu wa shinikizo: pampu iliyochakaa, vali ya usalama iliyolegea, au mahali fulani ambapo oili hutoroka kabla ya kufanya kazi.

Kipimo kinachoamua ni geji ya shinikizo inayofungwa kwenye tundu la mfumo lililozibwa kwa bolti. Katika trekta hii, pampu nzima hufikisha shinikizo linalokaribia baa 200 kabla ya vali ya usalama kufunguka. Geji ikifika huko na mzigo usipande, pampu haina hatia. Ama mzigo ni mzito kupita uwezo wa trekta, ama shafti ya kunyanyulia imeshika. Geji isipofika, uchunguzi huendelea ndani. Inasikitisha kwamba geji, kifaa cha bei ndogo kulinganisha na pampu, haipo katika gereji nyingi, na pampu hubadilishwa kwa kubahatisha.

Pasipo na geji, joto linaweza kutumika kama kipimo. Trekta hujaribiwa asubuhi ikiwa baridi, kisha baada ya saa mbili za kazi, kwa mzigo ule ule. Oili ya moto ni nyepesi na hupenya kwa urahisi katika nafasi zilizopanuka kwa kuchakaa. Trekta inayonyanyua vizuri asubuhi na kushindwa adhuhuri imechakaa pampu au sili zake. Jaribio hili lina umuhimu wa pekee kwa mnunuzi, kwani muuzaji huonyesha trekta ikiwa baridi. Anayetaka kuijua huomba ifanyishwe kazi kwanza. Kumwaga oili nzito zaidi ili kuficha dalili hiyo ni hila inayojulikana, na oili nzito kupita kiasi huinyima pampu mafuta wakati wa kuwasha katika maeneo ya baridi kama Njombe au Mbeya.

5.0 Mzigo Usiotulia

Dalili nyingine huonekana trekta inapobeba jembe likiwa juu. Jembe hushuka kidogo, hupanda, hushuka tena, kwa mwendo wa kwikwi. Maelezo yake ni mepesi pindi muundo unapoeleweka: oili inavuja kutoka kwenye silinda, mikono inashuka, vali inagundua mshuko huo na kuiruhusu pampu kurudisha kimo, kisha uvujaji unaendelea. Kadiri kwikwi zinavyokaribiana ndivyo uvujaji ulivyo mkubwa.

Injini ikizimwa, pampu haiwezi tena kuficha uvujaji huo. Jembe likishuka polepole kwa saa nyingi katika trekta yenye umri wa nusu karne, hilo linavumilika. Likishuka chini katika dakika chache, sili za pistoni ya kunyanyulia, gasketi, au vali za pampu hazishiki. Ili kujua ni ipi, fundi mzoefu hupunguza oili, hufungua kifuniko cha ubavuni, na kwa kurunzi hutazama oili inapochuruzika wakati mzigo uko juu. Ikitoka mdomoni mwa silinda, kazi ni ya sili, na pampu huachwa ilivyo. Mkono hauingizwi humo injini ikizunguka, kwa sababu yoyote.

Hitilafu iliyo kinyume, mzigo usiokubali kushuka, ni nadra lakini ni hatari zaidi, kwa kuwa humshawishi mtu kuingia chini ya zana ili kuivuta. Zana hutegemezwa kwanza kwa magogo au stendi imara, kisha ndipo mikono ya kuongozea na vali huchunguzwa.

6.0 Injini, Klachi na Breki

Upande wa injini hauhitaji maelezo marefu kama hayo, kwa kuwa mafundi wa Tanzania wanaifahamu injini ya Perkins ya silinda tatu inayotumika katika trekta hii. Malalamiko ya wiki za mwanzo kwa kawaida ni injini inayowaka, ikafanya kazi kwa muda, kisha ikazima kama iliyokosa mafuta. Na kweli imekosa. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi likiziba, dizeli hushindwa kutiririka. Kifuniko kikilegezwa na injini ikaendelea, chanzo kimepatikana. Vinginevyo hufuata chujio, bomba lenye ufa unaoingiza upepo, na pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Upepo hutolewa kwa kufuata njia ya mafuta: kwenye chujio, kisha kwenye pampu ya sindikizo, mwishoni kwenye mabomba ya nozeli. Anayeanzia kwenye nozeli atarudia kazi.

Kiwango cha oili ya injini kinachopanda badala ya kushuka kisipokewe kwa furaha. Huenda kiwambo cha pampu ya mafuta kimepasuka na dizeli inaingia kwenye oili, ambayo hupoteza uzito na kuacha kulinda beringi. Oili ikiwa nyepesi na yenye harufu ya dizeli, injini isiwashwe mpaka vyote viwili, kiwambo na oili, vibadilishwe. Rangi ya moshi hutoa dokezo: mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua au maji. Mapovu katika rejeta pamoja na moshi mweupe huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi.

Klachi isiyo na nafasi ya uhuru kwenye pedali huteleza hata kama ni mpya, kwa sababu haijapewa nafasi ya kushika. Nafasi hiyo hupimwa na kurekebishwa kabla ya trekta kupasuliwa katikati, kazi ambayo ni nzito na ya gharama. Breki za kulia na kushoto hurekebishwa zishike kwa usawa, na pedali zake hufungwa pamoja barabarani. Breki moja ikishika peke yake kwa kasi, trekta hupinduka.

7.0 Tahadhari ya Shinikizo na Kumbukumbu za Mnunuzi

Uvujaji katika bomba la haidroliki lenye shinikizo hautafutwi kwa kidole. Oili inayotoka katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, na jeraha huonekana dogo kwa saa za mwanzo, wakati oili inaharibu nyama ndani. Ni dharura ya upasuaji, na aliyejeruhiwa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu. Kipande cha kadibodi kikipitishwa kando ya bomba huonyesha doa la oili bila kumdhuru mtu.

Trekta ikiwa mpya kabisa, mantiki ya uchunguzi ni ile ile lakini mipaka ni tofauti. Watengenezaji wengi huelekeza huduma ya kwanza ifanyike baada ya saa 50 hivi za kazi, pamoja na kukaza upya nati za magurudumu, na kufungua pampu au nozeli zilizofungwa na kiwanda huweza kubatilisha dhamana. Katika trekta iliyotumika, saa zilizoandikwa kwenye mita hazina uzito peke yake, kwa kuwa mita hubadilishwa. Pedali zilizolika hadi chuma kung'aa husema ukweli zaidi.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, humpa mnunuzi ulinzi fulani kuhusu ubora wa bidhaa, lakini ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua bidhaa alipaswa kuziona katika ukaguzi wake. Kwikwi za jembe na mlio wa vali huenda zikahesabiwa miongoni mwa hizo; pampu inayochoka ikipata moto, ambayo ukaguzi wa asubuhi haukuweza kuifichua, ina hoja tofauti. Kwa sababu hiyo jaribio la baridi na la moto lifanyike mbele ya muuzaji na matokeo yake yaandikwe: tarehe, saa za mita, zana iliyonyanyuliwa, na dakika ambazo zana ilikaa juu baada ya injini kuzimwa. Karatasi hiyo hutiwa saini na pande zote mbili kabla ya fedha kubadilisha mikono, na nakala yake hubaki na fundi atakayeihudumia trekta.